Mjadala juu ya Miguu ya Morris

Mpwa wangu aliporejea Mombasa kutoka Leicester kwa likizo yake, mashangazi zake walilizunguka lile sanduku kubwa alilokuja nalo wakitaraji manukato na mashuka, na sanduku lilipofunguliwa likatoa vyuma. Ndani mlikuwa na shokomzoba nne za bomba, vishikio vyake vilivyopakwa rangi nyeusi, mfuko wa bolti na nati, na bushi za plastiki ngumu zenye wekundu wa peremende. Na vyote hivyo, akaeleza huku mashangazi wakitazamana, ni zawadi ya mjomba, au tuseme kwa usahihi zaidi ni zawadi ya Morris Minor ya mwaka 1959 ambayo marehemu baba yangu aliinunua alipokuwa karani bandarini Kilindini, na ambayo mimi, nusu kwa mapenzi na nusu kwa ukaidi, ningali nikiiendesha hadi leo.

Zawadi hiyo ilizua mjadala uliotuchukua alasiri tatu barazani petu Kibokoni, mbele ya muuza kahawa ambaye nadhani ndiye peke yake aliyepata faida isiyo na shaka. Wasemaji walikuwa watatu: mpwa mwenyewe, Fundi, ambaye mikono yake imekuwa ndani ya injini za mji huu tangu enzi za daraja la maboya la Nyali, na Maalim, jirani yetu, ambaye hakupata kushika spana katika umri wake wote, ila amesimamia ukarabati wa nyumba kadhaa za Mji wa Kale, na kwa ajili hiyo ana rai juu ya kila kitu kilichokwisha kuzeeka. Mimi nilikuwa mwenye gari, yaani mtu wa mwisho kuulizwa.

Kabla sijawaachia uwanja, yanibidi nimweleze msomaji habari za gari lenyewe, maana bila ya hayo maneno ya hawa mabwana yatakuwa kelele tu. Aliyelibuni ni Alec Issigonis, mzaliwa wa Izmir katika dola ya Uthmaniya, ambaye baadaye alikuja kuibuni pia Mini. Nalo likaonyeshwa kwa umma mara ya kwanza London mwaka 1948. Miguu yake ya mbele haina springi za mviringo kama zile azijuazo kila mtu. Uzito wa upande mmoja wabebwa na nondo moja ndefu ya chuma, iliyolala chini ya sakafu kuelekea nyuma, ambayo gurudumu likipanda tuta husokoteka kama nguo inayokamuliwa, na likishuka hujisokotoa. Cha kuituliza nondo hiyo, ili gari lisiendelee kunesa baada ya tuta kupita, ni shokomzoba ya mkono: kijisanduku cha chuma kilichotiwa mafuta, chenye mkono utokao ubavuni mwake, na mkono huo ukipanda na kushuka husukuma pistoni ndogo zinazoyalazimisha mafuta kupenya katika njia nyembamba. Na hapa ndipo penye kiini cha kadhia nzima, kwani mkono huo kazi yake si kutuliza tu, bali ndio mfupa wa juu unaolishikilia gurudumu lisimame wima. Nyuma mambo ni mepesi zaidi: kuna springi za mabamba, na shokomzoba za mkono kama zile za mbele, illa huko nyuma hazishikilii kitu; ukiziondoa, gari litanesa kama mtumbwi, lakini ekseli itabaki mahali pake.

Mpwa ndiye aliyefungua mlango wa maneno.

MPWA. Mjomba, jana tulitoka Mtwapa kuja mjini, na nilihesabu: kila tulipovuka tuta, pua ya gari ilipanda na kushuka mara tatu, na mara ya nne ikajaribu. Hilo si gari, hilo ni susu. Shokomzoba hizi za mkono zina mafuta kidogo sana, kikombe kimoja cha chai hakijai, na barabara ikiwa mbaya kwa muda mrefu mafuta hupata moto, huwa mepesi, na mkono ukabaki kupunga hewani pasi na kazi. Za bomba zina nafasi, zimening'inia penye upepo, na zikichakaa zatupwa zikanunuliwa nyingine mpya. Za mkono mpya hupati. Unachouziwa ni kasha la zamani lililofunguliwa na kufungwa tena na fundi usiyemjua, pengine mara ya tano. Isitoshe, baba yako alipolinunua gari hili hakukuwa na tuta hata moja kutoka hapa hadi Malindi, wala nyuma yake hakukuwa na lori la kontena linalompigia honi.

MAALIM. Nimekusikia, mwanangu, na sina ilimu ya mafuta yapatayo moto. Lakini nakuuliza swali la nyumba. Wajua kuta za mji huu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa ni kitu laini kinachopumua. Unyevu huingia, unyevu hutoka. Akaja mtu na saruji, akasema saruji ni ngumu zaidi, saruji ni ya kisasa, akaupaka ukuta wote ukapendeza kama yai. Baada ya miaka michache unyevu umefungiwa ndani, chumvi yaula ukuta kwa nyuma, na siku plasta inapoanguka huanguka pamoja na nyama ya ukuta. Kosa si la saruji. Saruji ni njema mahali pake. Kosa ni kukipa kitu dhaifu jirani aliye mgumu kuliko yeye. Sasa wewe unataka kulitia gari lililokula chumvi ya bahari kwa miaka sitini na zaidi mguu mgumu kuliko mwili wake, na zile bushi zako nyekundu badala ya mpira. Je, mtikisiko ambao mpira ulikuwa ukiumeza utakwenda wapi?

Hoja hiyo, nakiri, ilinigusa kuliko nilivyotarajia, na hata Fundi, aliyekuwa akizungusha kikombe chake bila ya kunena, aliinua macho. Maana Morris hili halina fremu ya pekee kama lori. Bodi lake ndilo fremu yake, na boriti ya chini ya sakafu ambayo nondo zile mbili zimejishikiza ndiyo pia inayopenda kuoza kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa maji na matope hukaa humo yasitoke. Ikioza boriti hiyo, hakuna shokomzoba duniani itakayolitengeneza gari.

Lakini mpwa hakuwa mtu wa kushindwa kwa mfano mmoja.

MPWA. Maalim, wewe wazungumza kana kwamba gari hili liliteremshwa kamili kutoka mbinguni. Hebu tazama bampa lile la mbele. Magari ya mwanzo ya aina hii yalikuwa na kipande kilichoungwa katikati ya bampa. Na wajua kwa nini? Kwa sababu Issigonis, kazi ilipokuwa karibu kwisha na bampa zimekwisha tengenezwa, alitazama gari lake la majaribio akaliona limebana mno, akaamuru likatwe katikati kwa urefu, akazisogeza nusu mbili mbali mpaka jicho lake liliporidhika, na mwanya ukatoka inchi 4. Bampa zikakatwa nazo, zikaungwa kwa kipande. Ule utepe bapa uliopita katikati ya boneti ni kovu la siku hiyo. Na injini aliyoikusudia haikutiwa. Likatiwa injini ya zamani ya cc 918, kisha mwaka 1952 ikaja nyingine, na 1956 nyingine, hii iliyomo humu ya cc 948, na 1962 nyingine tena. Basi kama muumba wake alikuwa na msumeno mkononi hadi dakika ya mwisho, mimi mwenye spana mbili nina kosa gani?

MAALIM. Alikata lililo lake. Wewe wakata la babu yako.

MPWA. Sikati kitu! Ndiyo maana nimeleta hivi na sikuleta vile vingine vinavyohitaji kuchomelewa. Hata wale wa FIVA, shirikisho la magari ya kale la dunia, katika hati yao waiitayo ya Turin, hawamkatazi mtu kubadili. Wataka mabadiliko yawe ya kiasi, na kadiri iwezekanavyo yaweze kurudishwa kama mwanzo.

Alasiri ya kwanza ikaishia hapo kwa adhana ya magharibi, na nilirudi ndani nikiwa nimeshawishika na kila aliyesema mwisho, ambayo ni dalili mbaya kwa mtu mwenye mali.

Siku ya pili Fundi alianza kwa swali, na swali lenyewe alilielekeza kwangu, jambo lililonishtua, kwani nilikwisha kuizoea nafasi yangu ya msikilizaji.

FUNDI. Bwana, shokomzoba hizi za mkono mara ya mwisho zilitiwa mafuta lini?

Nikanyamaza. Nilijaribu kukumbuka mwaka, kisha nikajaribu kukumbuka fundi, kisha nikatambua kwamba sikumbuki hata kuwa zina tundu la kutilia mafuta.

FUNDI. Basi tunaihukumu shokomzoba isiyo na mafuta, tunasema haifai, kama mtu anayelilaumu jiko lisilotiwa mkaa. Nimepita asubuhi nikapima na upepo wa matairi: mtu wa pampu amelijaza kama matatu ya abiria kumi na wanne, ilhali kitabu cha gari hili chataka ratili zisizofika 30. Gari lenyewe halifiki hata tani moja. Tairi gumu namna ile ndilo tuta la kwanza. Mimi sisemi vitu vya kijana ni vibaya. Vya nyuma hasa nimevipenda, vimetengenezwa vizuri. Nasema hatujui bado tunatibu maradhi gani.

MPWA. Fundi, hata zikitiwa mafuta zitavuja tena. Ni mpango uliokwisha pitwa.

FUNDI. Umepitwa, naam. Lakini wenyewe waliouunda waliushikilia hata walipotoa Morris Marina mwaka 1971, nondo ileile na mkono uleule.

MPWA. Mzee wangu, Marina! Tafuta shahidi mwenye sifa njema mbele ya kadhi.

Hapo tulicheka sote, na Fundi mwenyewe zaidi yetu, kwa kuwa aliwahi kuziendesha. Hata hivyo alikuwa na jambo jingine aliloliweka, na alilitoa polepole, kwa namna ya mafundi wa zamani ambao hawakupi habari mpaka wakuone umekaa vizuri. Alisema kwamba katika vifaa vya mbele vya mpwa, mkono wa zamani hauondolewi. Hauwezi kuondolewa, maadamu ndio mfupa wa juu wa gurudumu. Unachofanya ni kuitoa valvu yake ili ubaki bawaba tu, kisha bomba ikafungwa ubavuni ichukue kazi ya kutuliza. Lakini bawaba nayo huzunguka ndani ya mafuta yaleyale. Akija mtu akasema, mafuta ya nini na sasa kuna bomba, akaiacha ikauke, kipini chake kitalika, na gurudumu litaanza kulala upande bila ya mwenyewe kujua kwa nini. “Kwa hiyo,” akasema, “mbele hukuupunguza mzigo wa kutunza. Umeuongeza wa pili juu ya wa kwanza. Nyuma ni kweli umeupunguza.”

Naona ni insafu kumtaja mpwa kwa wema hapa. Kijana mwingine angekasirika. Yeye alichukua karatasi, akachora mguu wa mbele, akamwomba Fundi amwonyeshe kwa kidole nguvu hupita wapi, tuta linapopigwa, kutoka tairi hadi sakafu. Walichora hadi kahawa ikapoa. Maalim na mimi tulibaki kuitazama karatasi ile kama watu watazamao ramani ya nchi wasiyokuwa na nia ya kwenda, mpaka Fundi alipokishusha kidole chake kwenye ncha ya chini ya mchoro akakaa kimya kidogo.

FUNDI. Hapa ndipo nilipokuwa nikitaka tufike. Mkono wa juu na mkono wa chini imeunganishwa na mguu huu wa wima, na ncha za mguu huu zina hesi, na hesi hizo zimeingia katika vipande viitwavyo traniyoni. Ukikata usukani, mguu huzunguka ndani ya hesi kama skrubu. Ni chuma ndani ya chuma, na kati yao hamna ila grisi. Grisi ikikosekana huingia maji na vumbi, hesi zikalika kidogo kidogo, wala usukani haukwambii kitu, hadi siku moja mguu unachomoka na gurudumu linalala chini ya mbawa ya gari kama ng'ombe aliyevunjika goti. Aghalabu huchomoka unapopinda kwa mwendo mdogo, ukiegesha. Hiyo ni rehema, lakini rehema haina mkataba. Sasa, kijana wangu, shokomzoba zako ziwepo au zisiwepo, gari hili linaning'inia kwenye hesi ileile. Wewe umesafirisha vyuma kutoka Uingereza, na mjomba wako anakaribia kulipia kazi ya siku mbili, na hakuna kati yenu aliyeuliza habari za nipeli ya grisi.

Tangu siku hiyo nimeifikiri sana kauli ile, na naandika makala haya kwa ajili yake zaidi kuliko kwa ajili ya shokomzoba. Tulikuwa tumeshindana juu ya asili na usasa, juu ya haki ya marehemu na haja ya walio hai, juu ya chokaa na saruji, na maneno yote yalikuwa mazuri; ilhali mzozo wetu ulikuwa juu ya kile kinachoonekana na kinachouzwa sandukuni pamoja na picha yake, na hatari ilikuwa imekaa mahali pasipouzwa kitu, panapotaka bomba la grisi na mtu wa kulala chini. Mwenye kulibadili gari la kale na mwenye kulihifadhi jinsi lilivyo huweza wote wawili kulipuuza kwa kiasi kilekile, huyu kwa kulinunulia na yule kwa kulistahi. Mimi nilikuwa katika hao wa pili. Nililipangusa kila Ijumaa.

Siku ya tatu hatukukaa barazani. Tuliliinua Morris kwa jeki mbele ya mlango, tukaliegemeza kwenye magogo, na Fundi akaingiza mtaimbo chini ya gurudumu la kushoto akalipandisha na kulishusha. Kulikuwa na mchezo kidogo, wa kusamehewa. Akaenda la kulia. Hapo mtaimbo ulipoinuka, gurudumu zima lilipanda kwanza peke yake kwa upana wa msumari mnene kabla ya mguu kulifuata, kwa sauti ndogo, tik, ambayo Maalim aliisikia kutoka kizingitini akasema “Subhanallah” kabla hata hajaambiwa maana yake. Fundi hakunigeukia. Alifuta mikono, akamwambia mpwa aandike: mguu wa wima wa kulia na traniyoni zake, na asikosee akaagiza wa kushoto, kwani hesi za pande mbili hazifuati mzunguko mmoja na wa huku hauwezi kuvaliwa kule.

Gari lilikaa juu ya magogo wiki tano, mpaka posta ilipouleta mguu huo kutoka Uingereza. Mpwa alikwisha rudi kazini kwake, lakini maamuzi yalifanywa naye kwa simu, na sasa nayakumbuka kwa mkato. Boriti ya chini ilichokonolewa kwa bisibisi ikaonekana ingali nzima, ila pembe moja iliyohitaji kiraka. Za nyuma za bomba zikafungwa kwa matundu yaleyale ya zamani bila ya kutoboa jipya, na za mkono zilizotoka nikazifunga kwa gazeti na kuziweka stoo, zikiwa na karatasi iliyoandikwa ya kushoto ipi na ya kulia ipi. Za mbele za bomba hazikufungwa. Shokomzoba za mkono zikafunguliwa, zikasafishwa, zikatiwa mafuta mpaka zikagoma kusukumwa kwa mkono mmoja. Bushi nyekundu zilizua kaugomvi ka mwisho, maana mpwa alizitaka na Maalim hakuzitaka, na Fundi akatia mpira mpya kotekote, akazikaza nati zake gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake, si likining'inia juu ya jeki, kwani mpira uliokazwa ukiwa hewani hubaki umesokotwa siku zote za uhai wake, na uhai huo huwa mfupi. Kisha akanipa bomba la grisi, akanilaza chini mimi mwenyewe, na hakuniruhusu kutoka mpaka ile grisi nyeusi ya zamani ilipokwisha kutoka yote na mpya ikachungulia. Yeye kwa gari lake hufanya hivyo kila maili 1,000. Nimeandika namba hiyo kwa chaki ndani ya mlango wa stoo.

Mpwa aliporudi mwaka uliofuata, tulikwenda Malindi wanne, makusudi tukapita kwenye matuta yote bila ya kuyakwepa, na gari likavuka kila moja kwa kuinama mara moja na kutulia. Tulipofika Kilifi tukasimama kunywa madafu, na mpwa akasema kwa furaha kwamba sasa mwaona kazi ya bomba. Fundi akajibu kuwa bomba ziko nyuma, na pua ndiyo iliyokuwa ikinesa, kwa hiyo hiyo ni kazi ya mafuta. Mpwa akasema gari ni mwili mmoja, nyuma ikitulia na mbele hutulia. Fundi akauliza, na upepo wa matairi je, ambao naye aliupunguza siku ileile? Hapo ndipo tulipotambua kuwa tumebadili mambo manne kwa wakati mmoja, na kwamba hakuna tena njia ya kujua ni lipi lililotibu. Tukamgeukia Maalim, aliyekuwa kiti cha nyuma, juu kabisa ya zile shokomzoba mpya, atoe ushahidi wake kama mtu asiye na upande. Naye akatuomba radhi, akasema kuwa tangu Kikambala alikuwa amelala.